Laini ya Mapokezi

Kifuniko cha sufuria kiligonga mara moja, kikatulia, kikagonga tena. Gizani, Harisoa aliijua sauti ile kama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Uji wa mchele umeanza kuchemka, na mama yake, Bibi Razay, anausogeza mkaa kwa kijiti. Hakuamka mara moja. Mguu wa Mialy ulikuwa umemlalia tumboni, mzito na wa moto, na nje ya dirisha baridi ya Tana, jiji la vilimani, ilikuwa ikimsubiri yeyote atakayethubutu.

"Harisoa," mama yake aliita kwa sauti ya chini. "Leo si ndiyo siku ya mambo yenu ya simu?"

"Ndiyo, mama. Leo tunachagua."

"Mnachagua simu?"

"Laini. Zipi zihesabiwe, zipi ziachwe."

Bibi Razay alikoroga uji, akilipima hilo. "Haya. Chagua vizuri basi, tusaini mwezi huu."

Alisema tusaini, kama vile mkataba ungesainiwa na nyumba nzima, na kwa kweli ndivyo ulivyokuwa. Harisoa alikaa mapokezi ya kiwanda cha kushona nguo akiunganisha simu, na tangu aanze alikuwa kibarua. Mwisho wa mwezi huo waliahidi kumfanya mwajiriwa wa kudumu. Kiwanda kiliwalipia hospitali watoto wa waajiriwa wa kudumu tu, na Mialy alikuwa na kifua. Kila majira ya baridi yalipoingia kifua kile kilipiga filimbi, na kila filimbi ilikuwa na bei yake. Mwaka huo baridi ilikuwa imeshaingia.

Kazini, mkurugenzi, Bwana Perrin, alikuwa ameshalalamika hadi akachoka kuhusu gharama za simu. Miaka hiyo simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha wakubwa, na kila mwenye jambo lake alilimaliza kwa simu ya ofisi. Bwana Perrin akaleta fundi, kijana mpole aitwaye Tovo, aje kufunga kisanduku pembeni mwa mtambo wa simu. Kazi ya kuchagua laini aliipa karani wake, Felana, naye Felana akasema hawezi kuchagua bila Harisoa, maana Harisoa ndiye anayejua nani anazungumza na nani.

Walikutana mchana ofisini kwa Felana, vitumbua vikiwa katikati ya meza kwenye gazeti.

"Kisanduku kina nafasi kumi," Tovo alieleza. "Laini mko nazo zaidi ya ishirini. Kwa hiyo nitajieni kumi. Na msinitazame hivyo, hakisikilizi maneno ya mtu. Kinaandika tu laini ipi imepiga wapi, saa ngapi, na wameongea muda gani."

"Kwa nini kisichukue zote?" Harisoa aliuliza.

"Kingeweza. Bosi wenu kalipia kumi."

"Stoo, weka," Felana alisema mdomo ukiwa umejaa. "Yule Rivo anabembeleza wauza vifungo kama anaposa."

"Madereva pia," Harisoa alisema. "Wanapigia hadi wapwa wa wapwa."

"Chumba cha kukatia vitambaa je?"

"Wale waache. Simu yao haitoki nje, hata wakitaka lazima waniombe mimi."

Tovo aliinua kalamu. "Hapo sikilizeni. Simu ikipitia mapokezi, kisanduku kitaiona ni ya mapokezi, basi. Hakijui nani yuko nyuma yake."

"Tumekuelewa, mwalimu," Felana alisema. "Kula kitumbua."

"Na ya bosi niiandike?"

"Ukichoka na kazi, iandike."

Wakacheka wote watatu. Ilipobaki nafasi moja, Felana alijifuta vidole kwa gazeti akasema, "Hiyo weka yangu."

Harisoa alimtazama. "Yako?"

"Kesho watu watasema tuliwachagua wenzao, sisi tukajificha. Weka."

"Basi itolewe ya stoo, iwekwe na yangu. Tuwe sawa."

"Yako ya nini, shoga? Wewe ni mlango. Kuna mtu anahesabu mlango?"

Harisoa alirudi kwenye kiti chake akiwa na furaha ndogo kifuani. Ndivyo Felana alivyokuwa siku zote, mtu wa kutangulia. Baba yake Mialy alipokwenda Tamatave kutafuta kazi bandarini akapotelea hukohuko, ni Felana aliyemshika Harisoa mkono akampeleka kiwandani, akamwombea nafasi ya mapokezi, akamfundisha hata namna ya kusema "subiri kidogo" kwa sauti isiyomkera mzungu. Ni Felana aliyembeba Mialy kanisani siku ya ubatizo. Kwa Mialy alikuwa mama mdogo, na mama mdogo hakuwahi kuingia nyumbani kwao mikono mitupu.

Siku chache baadaye, saa ya kutoka, viatu vya Felana vilisikika vikishuka ngazi. Wafanyakazi wengine walikuwa wameshaondoka.

"Hari, nipitishie kwa Naivo."

Naivo alikuwa mchumba wake. Alifanya kazi ya ujenzi kisiwani Réunion, na Felana alikuwa akingoja karatasi za kumfuata.

"Si una simu yako huko juu?"

"Yangu inahesabiwa, umesahau? Dakika mbili tu. Nijue kama karatasi zimetoka."

Harisoa alisita. Alijua si haki. Lakini alikumbuka pia nani alijitolea laini yake ihesabiwe wakati hakuna aliyemlazimisha, akaona aibu kumfanya mtu wa namna hiyo aombe mara mbili. Akapiga namba, simu ikaita ng'ambo ya bahari, akampa mkono wa simu, kisha akageuka kutazama ukutani ili asisikilize. Dakika mbili ziliota miguu. Harisoa alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena.

Kesho yake Felana alishuka tena. Na keshokutwa. Baada ya muda hakusema hata nipitishie; alinyoosha mkono tu, na Harisoa akapiga ile namba, ambayo vidole vyake vilishaijua.

Wiki ya pili alikuja na zawadi: viatu vya sufu vya Mialy, vyekundu, vilivyofumwa kwa mkono.

"Miguu ikipata joto, kifua kinapona," alisema. "Mvalishe hata kitandani."

Mialy alivivaa siku hiyo hiyo na akakataa kuvivua.

Mwezi ulipokaribia kwisha Harisoa aliitwa juu. Alipanda ngazi akijua ni mkataba. Alijipitisha vidole vyenye mate kwenye nywele, akanyoosha kola. Ndani alikuta Bwana Perrin mezani, na Felana pembeni, daftari gotini, tayari kuandika yatakayosemwa.

"Keti," Bwana Perrin alisema. "Nieleze habari za Réunion."

Harisoa alidhani hakusikia vizuri. "Bwana?"

"Namba moja, Réunion. Inapigwa kutoka mapokezi kila jioni, watu wakishaondoka. Gharama yake peke yake inazidi ya stoo mara mbili." Alisukuma karatasi za mtambo mbele yake. "Una ndugu huko?"

"Hapana, bwana."

Macho yake yalikuwa kwenye karatasi lakini akili ilikuwa imekwama nyuma, kwenye vitumbua. Laini ya mapokezi haikuchaguliwa. Alikuwepo. Alihesabu mwenyewe. Imeingiaje humu?

"Basi anayepiga ni nani?"

Harisoa alimtazama Felana.

Hakumtazama kwa kumshitaki. Alimtazama kama mtu anavyosogea pembeni mlangoni ili mwenzake apite kwanza. Kwao, mtu hanyooshewi kidole mbele ya meza ya mkubwa. Anaachiwa nafasi aseme mwenyewe, kwa maneno yake, na heshima yake ikiwa bado mwilini. Tangu utotoni Harisoa alilelewa hivyo, na Felana alilelewa hivyo, mitaa miwili tu kutoka kwao. Kwa hiyo alinyamaza na kungoja. Alikuwa na hakika. Hata Felana alikuwa ameshainua kichwa, kama mtu anayejiandaa kusema.

Felana aliinamisha kichwa na kugeuza ukurasa.

"Nakuuliza wewe," Bwana Perrin alisema. "Usimtazame karani wangu, hatakusaidia."

Harisoa aliendelea kungoja. Alisikia kalamu ikitembea juu ya karatasi, na hakuweza kuelewa inaandika nini, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa akisema kitu.

"Sawa," Bwana Perrin alisema mwishowe. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefunga hesabu. "Kwetu, kunyamaza ni jibu. Mkataba wako siwezi kuusaini. Nakupa mpaka Jumatatu asubuhi. Ukiwa na la kusema, njoo useme. Usipokuwa nalo, usije."

Chini, karibu na mlango wa nyuma, Tovo alikuwa akikusanya nyaya zake. Alipomwona uso akaacha.

"Dada Harisoa, kuna nini?"

"Laini yangu iliingiaje?"

"Mapokezi?" Tovo alikunja uso. "Si mlibadilisha? Bosi alitaka mapokezi iwemo, akasema moja itolewe. Dada Felana akaniambia toa ya madereva. Wiki ya pili ile. Nilijua mmeongea." Alimwangalia vizuri. "Ninyi si mnakula sahani moja?"

"Wiki ya pili," Harisoa alirudia.

"Ya pili, ndiyo. Nakumbuka kwa sababu alikuwa akimalizia kufuma viatu vya mtoto. Vyekundu."

Alitembea kwa miguu hadi nyumbani, akashuka ngazi za mawe, akapita wauza kuni na vibanda vya mkaa bila kumwitikia mtu. Kilichomuuma haikuwa hata kazi, bado. Kazi ingemuuma baadaye. Kilichomuuma ni zile jioni zilizofuata wiki ya pili. Felana alijua. Alishuka ngazi akijua, akanyoosha mkono akijua, akacheka na Naivo kwenye simu huku kisanduku kinaandika mapokezi, mapokezi, mapokezi, na alipomaliza akamwambia, usiku mwema shoga, mbusu mwanangu. Na simu za baada ya wiki hiyo ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote.

Alimweleza mama yake jikoni, kwa sauti ya chini, Mialy akichezea maganda ya njugu mlangoni. Bibi Razay alisikiliza mpaka mwisho akipeta mchele.

"Jumatatu nikamwambie bosi," Harisoa alisema. "Nitamwambia apige ile namba mwenyewe, amuulize huyo Naivo anamfahamu nani hapa."

"Utakwenda kumsema Felana kwa mzungu kabla hujamwambia yeye?"

"Mama, yeye kaniuza."

"Nimesikia. Ndiyo maana nasema." Ungo ulitulia. "Neno kama hilo halianzi kwa bosi. Linaanza kwake, uso kwa uso, ndani ya nyumba, mkubwa akisikia. Likishatamkwa, alipokee au alikatae, ndipo una ruhusa kulipeleka popote, na mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka getini. Kabla ya hapo ni umbea, na hata ukipona kazi, mtaani hutapona."

"Na mimi nitaanzaje kumwambia mtu aliyembeba mwanangu kwenye ubatizo?"

Bibi Razay aliinamia ungo wake. Alianza kupeta tena. Kule mlangoni filimbi ya kifua cha Mialy ilisikika, nyembamba, na wote wawili waliisikia, na wote wawili wakajifanya hawakuisikia.

Jumamosi jioni umeme ulikatika mtaa mzima. Walikuwa wamewasha mshumaa wanakula wakati mtu alipopiga hodi, na Harisoa aliijua sauti kabla hodi haijaisha.

Felana aliingia na koba mkononi, ile keki nene ya karanga na mchele, bado ndani ya jani lake la mgomba. Aliinama akampita Bibi Razay kwa heshima, akambusu Mialy kila shavu, akaketi kwenye kigoda alichokalia siku zote. Bibi Razay akammiminia maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali, kama mgeni yeyote. Wakaulizana hali. Hali ilikuwa njema. Wakaulizana baridi. Baridi ilikuwa kali.

"Mialy anavaa viatu vyangu," Felana alisema.

"Anavaa," Harisoa alisema.

Mshumaa ulipiga chafya ya nta. Felana aliishika ile bilauri ya bati kwa mikono yote miwili bila kunywa.

"Nimekuja kwa ajili ya yale mambo," alisema. "Yale yaliyotokea juu. Sijalala, Hari. Kila nikilala naona uso wako."

Harisoa alingoja. Sasa, alifikiri. Sasa atasema mwenyewe.

"Karatasi zimetoka," Felana alisema. "Imebaki barua ya kiwanda tu, ya kuonyesha nina kazi na tabia njema. Bwana Perrin ataisaini wiki ijayo. Baada ya hapo nitakuwa nimeondoka na hakuna atakayeumia. Kwa hiyo nilikuwa naomba..." Aliizungusha bilauri. "Sikuombi udanganye. Nakuomba unyamaze tu, kama ulivyonyamaza. Ulinyamaza vizuri sana, Hari. Nilisema moyoni, huyu ni dada kabisa."

Kumbe ndivyo alivyokuelewa kule kungoja. Harisoa alimpisha mlangoni apite kwanza, naye akaichukua adabu ile ile akaufunga mlango nayo.

"Na mimi?" alisema.

"Nikifika nitakutafutia kitu. Nitakutumia dawa za Mialy, za huko ni bora. Naapa. Wewe bado kijana, kazi zipo."

Maneno yalikuwepo. Harisoa alikuwa ameyapanga tangu juzi, akiyanong'ona huku akiosha vyombo, akimsuka Mialy nywele: zile simu zilikuwa zako, ulijua laini yangu inahesabiwa, ukaendelea kuja. Hayakuzidi hapo. Alifungua mdomo, na kilichokuja ni picha ya Felana kanisani, kitoto kikilia mikononi mwake, maji ya ubatizo yakimlowesha mikono ya gauni jipya, naye anacheka. Mdomo ukafungika. Alimtazama mama yake. Bibi Razay alikohoa, akaweka sawa kanga mabegani, akasema, "Naona mwaka huu baridi itakaa," na baada ya hapo akautazama mshumaa, mwenye aibu.

Felana alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyevuka. Aliweka bilauri chini, akaisogeza koba katikati ya mkeka, akaanza kusimama.

"Mungu awabariki," alisema. "Nilijua mtanielewa. Mialy, njoo umpe mama mdogo mkono."

Mialy alitoka nyuma ya mgongo wa nyanya yake. Alikuwa na miaka mitano, na siku mbili zile alichezea maganda ya njugu mahali pote palipozungumzwa kwa sauti ya chini. Alisimama mbele ya Felana na vile viatu vyekundu, akampa mkono kama alivyofundishwa, kwa mikono miwili, akainua uso.

"Mama mdogo," alisema, "zile simu zilikuwa zako."